Kuku wa Alhamisi

Wa kwanza kufa mbele ya macho yangu alikuwa tembe mweusi mwenye shingo tupu. Asubuhi yake alikuwa amenipokonya kipande cha kiazi mkononi. Jua lilipopinda kidogo alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichokuwa akikifuata, akatandaza mabawa, akaenda hatua mbili kinyumenyume, akaanguka. Hakuzubaa siku tatu wala shingo haikumpinda kama kuku wa mdondo. Alikufa akiwa na nyama yake yote, na kilemba chake kikiwa bado chekundu.

Mpaka jioni walikuwa wamekufa sita. Mke wa mwenyeji wangu akawapanga kwenye ungo, akaubeba hadi kwenye kibanda kilichokuwa pembeni mwa uwanja, akautua mlangoni. Ndani ya kibanda kile aliishi mke mdogo wa marehemu baba mkwe wake, mama mzee asiye na mtoto, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika kaya ile kuku hawafi tu. Kuku wanauawa, na muuaji alikwisha kutajwa.

Mimi nilikuwa mgeni. Shule niliiacha darasa la tano, na sikuiacha kwa kukosa akili. Nilimuuliza mwalimu kwa nini maji ya kisima huwa ya uvuguvugu alfajiri wakati hewa ni ya baridi. Nikauliza mara tatu, nikachapwa mara tatu, na sikujibiwa hata mara moja. Nikaona ni afadhali niende mahali ambako nitachapwa na dunia yenyewe. Nikatoka kwetu upande wa Ushirombo, nikashuka kwenye maduara ya dhahabu huko Geita, yale mashimo tunayochimba kwa sururu na kamba, na duara letu lilipojaa maji nikaanza kutembea kuelekea Segese, nilikosikia kuna mwamba mpya. Sikufika. Nilipopita Kharumwa ilikuwa msimu wa kuchuma pamba, na mtu mmoja akaniambia kama nina mikono, chakula kipo. Nikabaki kwake.

Ilikuwa miaka michache baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Kaya ya mwenyeji wangu haikuhamishwa. Kijiji ndicho kilichoifuata, nyumba zikapangwa kwa mistari hadi kwenye uzio wake wa minyaa. Josho la kuogeshea ng'ombe nalo lilijengwa papo hapo, ukirusha jiwe kwa nguvu linafika. Mwenyeji wangu alijivunia jambo hilo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya josho, na kila Alhamisi ng'ombe wake ndio walioogeshwa kwanza.

Baada ya kuwazika wale kuku sita, aliniita tukaketi.

"Wewe umetembea, mgeni. Umewahi kuona kuku wanaokufa Alhamisi tu?"

"Alhamisi tu?"

"Wiki ya tatu hii. Jumatatu wazima, Jumatano wazima. Alhamisi, chali."

"Basi wanakula kitu cha Alhamisi," nikasema.

Akacheka bila furaha. "Kitu cha Alhamisi hapa ni kimoja. Ni mayu kurudi kutoka gulioni."

Gulio lilikuwa Alhamisi, na mayu alikwenda kuuza ugoro. Aliondoka mapema na kurudi mchana, na mchana ndipo kuku walipoanguka. Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Mayu alikuwa na kuku wanne wa kwake, na kila Alhamisi kabla ya kuondoka aliwafunga mguu kwa vipande vya kanga kuukuu nyuma ya kibanda chake, akawawekea maji kwenye kigae cha chungu. Hao hawakufa hata mmoja.

"Nieleze," mwenyeji wangu akasema. "Kama hajui kitu, kwa nini afunge wa kwake siku ile ile?"

Akaniambia ameshatuma habari kwa mfumu, mwaguzi wa upande ule, naye ameahidi kuja Ijumaa ya wiki mbili mbele. Alilisema hilo akitazama chini. Si mimi wala yeye tuliyehitaji kufafanuliwa. Mama mzee asiye na mtoto, mwenye macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba na samadi, mfumu akimwonyesha kidole ana njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kitambaa chake na kuondoka asubuhi. Ya pili hawaisemi, lakini kila mtu anajua panga hukaa wapi.

Kesho yake nilimfuata mayu alikokuwa akitwanga tumbaku.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Wewe ndiye mgeni anayeuliza hata nzi anakokwenda?"

"Ndiye. Nataka kuuliza kwa nini unawafunga kuku wako Alhamisi."

"Kwa sababu sipo. Nikiwepo nawatazama mwenyewe. Nisipokuwepo nani anitazamie? Yule aliyeniletea ungo?"

"Mayu, mfumu anakuja."

"Nimesikia. Masikio bado yangu."

"Wakikwambia uondoke?"

Akaacha kutwanga. Akanyoosha mchi kuelekea zizini, kwa maana wazee wa kaya zile walizikwa ndani ya zizi, chini ya kwato za ng'ombe wao. "Mume wangu yuko pale. Nimwache kwa ajili ya kuku?" Akaendelea kutwanga. "Sitoki. Andika hivyo, kama shule walikufundisha."

Kusema kweli, sikuingia katika jambo lile kwa huruma. Niliingia kwa sababu halikuniingia akilini. Uchawi unaojua siku za wiki ulinikera kama vile mwalimu alivyonikera. Lakini nilikuwa kijana mwenye kiburi cha kujua, na kiburi kile nusura kimmalize yule mama.

Ghalani mlikuwa na gunia la mbegu za pamba za kupandia, zimepakwa dawa, na mdomo wake ulikuwa wazi. Nikaliona, nikapiga kelele kama aliyeshika mwizi. Nikawakusanya watu wazima wote wa kaya, nikawaambia hii ndiyo sumu, kuku wanaingia humu wanadonoa, mayu hana hatia. Mwenyeji wangu alinisikiliza. Gunia likafungwa kwa kamba, likapandishwa darini. Hata mke wake aliniongezea mboga siku ile. Alhamisi ilipofika nilikwenda shambani na wenzangu nikipiga mluzi.

Tuliporudi, watano walikuwa wamelala uwanjani.

"Haya, Bwana Mbegu," mke wa mwenyeji wangu akasema. "Tueleze tena."

Jina hilo likanishika. Hata majirani niliochuma nao pamba waliniita Bwana Mbegu. Hilo nililimeza. Ambalo sikuweza kulimeza ni lile nililomfanyia mayu. Kabla ya mimi kufungua mdomo alikuwa anashukiwa. Baada yangu, alikuwa amethibitishwa. Mgeni msafiri alitafuta sababu nyingine, akaitafuta mchana kweupe, akaikosa. Sasa iliyobaki ni nini?

Jioni hiyo nilichukua mmoja wa waliokufa, nikaenda naye nyuma ya zizi, nikampasua. Gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, lilikuwa limejaa kupe. Firigisi nilipoipasua, ngozi yake ya ndani, ile ambayo kwa kawaida unaibandua kwa kucha, ilitoka yenyewe kama karatasi iliyolowa, na chini yake palikuwa pekundu kama pameungua. Mwenyeji wangu akanikuta nimechuchumaa.

"Na wewe umekuwa mfumu?"

"Tazama. Kupe watupu."

"Kupe ni chakula cha kuku tangu enzi za babu yangu. Humu ndani kuku ndio wanaosafisha ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Kwanza mbegu, sasa kupe. Kesho utaniambia ni mchanga."

Alisema kweli, na nikamtupa yule kuku. Kule kila mtu ameona kuku akiruka kudonoa kupe kwenye kiwele cha ng'ombe aliyesimama. Lakini ule wekundu haukuniacha.

Ikafika Alhamisi ya mwisho kabla ya mfumu. Nikasema mguu unaniuma, nikabaki. Nikageuza kinu, nikakikalia karibu na lango la zizi, nikaamua siku hiyo sitakuwa na wazo lolote. Nitatazama tu.

Mayu alifunga kuku wake wanne, akawawekea maji kwenye kigae, akaenda gulioni. Uwanja ukatulia. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na madimbwi ya mvua yalikuwa yamekauka wiki chache tu nyuma. Hapakuwa na tone la maji mahali popote, na hakuna aliyewawekea kuku maji, kwa kuwa kuku kule hujitafutia. Walikuwa wamejibanza kivulini, midomo wazi. Halafu nikasikia kengele ya beberu anayetangulia kundi. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka joshoni.

Waliingia wakichuruzika. Maji yalikuwa yanatiririka tumboni na mapajani, ya kijivu, yana harufu ya chuma. Mwenyeji wangu aliwaswaga hadi uwanjani, akawaacha wasimame, akakimbilia pamba yake. Walipokanyaga udongo laini wa lango, kila ukwato uliacha kibakuli, na kila kibakuli kikajaa. Kuku wakatoka kivulini mbio, kama watu walioitwa kwenye karamu. Wengine wakanywa kwenye zile alama za kwato. Wengine wakaenda moja kwa moja kwenye miguu ya ng'ombe, maana kupe walikuwa wanaachia ngozi na kudondoka wenyewe. Kazi ilikuwa rahisi kuliko siku zote. Hawakuhitaji hata kuruka.

Nilikaa pale nikitazama kwa muda ambao hadi leo najilaumu. Kisha nikaruka na fimbo, nikawatawanya, nikawapigia kelele kama mwendawazimu. Niliokoa wengi. Wanne walikuwa wameshashiba.

Nikakimbia joshoni. Msimamizi wa josho alikuwa bado anahesabu ng'ombe wa watu wengine. Nikamuuliza ndani ya lile shimo mna nini. Akanionyesha debe lenye picha ya fuvu la kichwa.

"Ukilamba kidogo tu, tunakuzika."

"Na kuku?"

"Kwani kuku ni mkubwa kuliko wewe?"

"Mbona kuku wa wengine hawafi?"

Akanitazama kama anayepima kama nafaa kuambiwa. "Ng'ombe akitoka shimoni inatakiwa asimame pale kwenye sakafu mpaka akauke. Wengi hawana subira, lakini kwao ni mbali, wanakauka njiani. Mwenyekiti wetu yuko hapo mlangoni. Na mwenyekiti nani atamwambia asubiri?"

Jioni nilimweleza mwenyeji wangu kila kitu, hatua kwa hatua, nikamwonyesha hata alama za kwato. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki katika mambo mengi, na ndiyo maana jibu lake liliniuma.

"Dawa ya serikali inaua kupe," akasema. "Wewe wiki iliyopita uliapa ni mbegu. Kesho atasema anayejua."

Mfumu alifika asubuhi. Nilitegemea mtu wa manyoya na pembe. Akaja mwanamume mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, miguu ya vumbi. Alisalimia kila mtu, hata mimi. Akaomba kuku wa mwenye kaya. Mwenyeji wangu akamletea jike la kijivu lililokuwa limezubaa tangu jana yake, akalitemea mate mdomoni kama ilivyo desturi, ili kuku abebe swali la mwenye swali. Mfumu akampasua juu ya majani.

Alifanya kazi safi, na sijawahi kuona mkono mwepesi kama ule. Akakata gole, akalitupa kando. Akakata firigisi, akaitupa kando. Halafu akakunjua utumbo, akainua ini kwa ncha ya kisu, akatazama chini ya mabawa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mnaona hii michirizi? Na ini hili lilivyochafuka? Adui hajavuka uzio kuja hapa. Amelala humu humu."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Macho yote yakaenda kwa mayu, aliyeketi mlangoni kwake amekunja miguu. Mke wa mwenyeji wangu akasema kwa sauti ya chini, "Si nilisema."

Nikainama, nikaokota gole mavumbini.

"Hilo hatulisomi," mfumu akasema.

"Kwa nini?"

"Ni mfuko wa chakula. Hauna maneno."

"Basi mimi nitasoma chakula." Nikalipasua. Kupe wakamwagika juu ya majani, wamevimba, rangi ya kijivu. Nikapasua firigisi, ngozi ikateleza ikatoka, nikawaonyesha pale palipoungua. "Michirizi yako imetoka hapa. Huyu alikunywa josho jana. Kuku yeyote wa uwanja huu ukimpasua utaona adui, kwa sababu wote wamekunywa."

"Bwana Mbegu!" mwenyeji wangu akafoka. "Nyamaza kwenye kaya ya watu!"

"Sinyamazi."

Hapo mayu akasimama. Hakuharakisha. Akazunguka nyuma ya kibanda chake, akarudi na jogoo wake mwekundu kwapani, mguuni bado ana kipande cha kanga. Akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mfumu, akamfungua jogoo mdomo, akamtemea mate.

"Mate ni yangu," akasema. "Kama ni mimi, nimo humo. Soma."

"Mayu, mwenye swali ni mwenye kaya..."

"Mwenye swali ni yule mnayetaka kumfukuza. Unasoma, au unachagua?"

Mfumu alimtazama, akanitazama mimi, akatazama kisu chake. Angeweza kukataa. Watu wa kaya wote walikuwa upande wake. Akampokea jogoo.

Utumbo ulikuwa mweupe, ini la rangi ya kahawia, linang'aa. Hata mimi nisiyejua kusoma nilisoma. Safari hii mfumu hakulitupa gole. Alilipasua mwenyewe: punje za mtama na mawe madogo mawili.

Mfumu akafuta kisu kwenye majani, mara moja kila upande.

"Huyu ni msafi," akasema. "Sitasema vingine."

Akanawa, akaaga. Alipopita karibu nami alisimama kidogo. "Gole," akasema, kama mtu anayejisemea, akaenda zake. Watu waliosoma huwa wanataka nimcheke mfumu yule ninapoeleza habari hii. Siwezi. Nimeona wengi wenye vyeti ambao, wakiwekewa jogoo wa pili mezani, hawampasui.

Mwenyeji wangu ndiye aliyebaki na hasira. "Kesho uondoke, mgeni," akaniambia. "Umeniaibisha mbele ya mlango wangu."

"Nitaondoka baada ya Alhamisi. Nataka nione mwisho."

"Na mimi," mayu akasema akimnyonyoa jogoo wake, "siondoki hata baada ya Alhamisi."

Siku sita hatukusemeshana na mwenyeji wangu zaidi ya salamu ya "Mwangaluka" asubuhi. Alhamisi mayu hakwenda gulioni. Ng'ombe walipoanza kutoka joshoni alichukua fimbo ya marehemu mumewe iliyokuwa imechomekwa juu ya mlango, akaenda kusimama katikati ya lango la uzio, kati ya minyaa na minyaa. Alikuwa mfupi. Beberu mwenye kengele alifika, akamnusa, akasimama. Nyuma yake kundi zima likasimama, likichuruzika barabarani.

"Mayu, toka njiani!" mwenyeji wangu akaita kutoka nyuma.

"Wakauke kwanza."

"Nina pamba inaningoja!"

"Nenda. Mimi nitasimama nao."

"Hawa ng'ombe ni wangu!"

"Na zizi ni la mume wangu. Yumo ndani. Muulize kama nimekosea."

Nilidhani atamsukuma. Majirani waliokuwa wanapita na ng'ombe wao walisimama kutazama mwenyekiti wa josho akizuiwa na mama mzee mlangoni mwake mwenyewe. Mwenyeji wangu akaketi juu ya jiwe. Tulikaa hivyo, yeye juu ya jiwe, mayu langoni, mimi ndani na fimbo nikizuia kuku wasitoke, hadi migongo ya ng'ombe ikawa mikavu na vumbi likaanza kuishika. Ndipo mayu akasogea pembeni.

Siku hiyo hakufa kuku. Hakuna aliyemwomba mayu radhi, wala sikusikia baadaye kwamba aliombwa. Mwenyeji wangu alinipa chakula cha njiani, nikakipokea.

Nilikuwa nafunga mzigo wangu niliposikia mlango wa kibanda ukifunguliwa. Ule ungo wa kuku sita ulikuwa umekaa pale ukutani tangu siku ulipotuliwa. Mwenye ungo hakuufuata, na mayu hakuugusa. Sasa aliuokota, akaupiga vumbi kwa kiganja, akavuka nao uwanja katikati ya kuku waliokuwa wanaingia kulala, akautua mtupu mbele ya mlango wa mke wa mwenyeji wangu. Kisha akarudi kwake, akaketi, akaanza kutwanga ugoro wa gulio lijalo.